Nikitoka polisi nikaenda shirika lingine la serikali, miaka yangu 17 ya pensheni inaenda wapi?

AskariKasese:

Habari zenu ndugu. Naomba msaada hasa kwa wale wanaojua mambo ya pensheni huku kwetu Uganda, maana nimeuliza watu watatu na kila mmoja ana jibu lake, na barua ya kazi ninayo mezani natakiwa kujibu kabla mwezi haujaisha.

Mimi ni koplo wa polisi, nina miaka 41, niliingia nikiwa na 23, mafunzo nikafanya Masindi, utumishi wangu sasa ni miaka 17 na miezi 9. Kuna shirika la serikali la mambo ya wanyamapori linatafuta watu wa upelelezi, yaani mtu anayejua kuandaa faili la kesi ya pembe za ndovu kuanzia pale porini mpaka mbele ya hakimu bila kielelezo kupotea njiani. Hiyo kazi nimeifanya miaka 6 hapa Kasese, naijua na naipenda. Wananipa laki 9 kwa mwezi, mimi sasa hivi niko kwenye laki 5 hivi. Shida ni kwamba barua inasema mkataba wa miaka 3 na makato ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, neno pensheni halimo kabisa.

Sasa swali langu, hii miaka 17 naweza kuhama nayo? Serikali si ni ile ile? Bendera ni moja, kesi zenyewe ni zile zile, hata mahabusu nikimkamata nitampeleka kituo kile kile nilichotoka. Mimi sioni kwa nini nikivuka barabara tu niwe kama mtu aliyeanza kazi jana. Kabla ya polisi nilikuwa mlinzi kwenye kampuni binafsi miaka 2 na huko walinikata NSSF, hiyo hela sijawahi kuigusa, sijui kama bado ipo.

Nina watoto wanne na wa kwanza anaingia senior one, yaani sekondari, mwakani. Tafadhali anayejua aniambie ukweli hata kama ni mchungu.

MzeeTororo:

Afande pole na kazi. Mimi ninavyojua ukifikisha miaka 10 serikalini pensheni yako imeshika, hakuna wa kuigusa. Wewe una 17, umepita mbali. Andika barua ya kuacha kazi nenda kwenye laki 9, pensheni itakusubiri. Usilaze damu.

MamaRehema:

Mwanangu AskariKasese usiandike hiyo barua. Tafadhali. Na mzee wangu wa Tororo naomba uniwie radhi, najua unamtakia mema, ila hapo utampoteza.

Nimekaa ofisi ya utumishi wilayani miaka 22, kazi yangu ilikuwa mafaili ya wastaafu, kwa hiyo hili nalijua kwa mikono yangu. Miaka 10 peke yake haitoshi. Miaka 10 inaenda pamoja na umri, uwe umefika 45 ndipo unaweza kuomba kustaafu mapema mwenyewe. Kama hujafika 45 basi uwe na miaka 20 ya utumishi. Wewe una 41 na miaka 17 na miezi 9, kwa hiyo leo haupo kwa umri na haupo kwa miaka. Na kuacha kazi siyo kustaafu, hayo ni maneno mawili tofauti kabisa kwenye faili, anayeacha kazi anapoteza mafao. Nimeona mtu wa idara moja, sitaitaja, aliacha akiwa na miaka 16, baada ya muda akarudi dirishani kwangu na kofia mkononi, nikamfungulia faili lake, barua ya kuacha kazi iko juu kabisa na saini yake, sikuwa na la kumwambia. Mpaka leo nikikumbuka ile kofia alivyokuwa anaizungusha nasikia vibaya.

Sasa tufanye hesabu ili ujue unachokiacha. Pensheni yetu chini ya Sheria ya Pensheni inahesabiwa hivi, unachukua mshahara wa mwaka unazidisha na miezi uliyotumikia unagawa kwa 500. Miezi ina kikomo, 435, ndiyo maana hakuna anayepita asilimia 87 ya mshahara wake. Tuchukue laki 5, kwa mwaka ni milioni 6. Ukifika miaka 20 ni miezi 240, inakuja 2,880,000 kwa mwaka. Theluthi moja ya hiyo inazidishwa mara 15 unapewa kwa mkupuo, ndicho kiinua mgongo, yaani 14,400,000. Theluthi mbili zinazobaki zinagawanywa kwa miezi, unapata 160,000 kila mwezi. Na ukifariki, familia inaendelea kulipwa mpaka ile miaka 15 itimie. Haya yote ukiandika ile barua leo ni sifuri, na umebakisha miaka 2 na miezi 3 tu.

Swali lako kama miaka inahama. Inahama ukibaki ndani ya nyumba hiyo hiyo ya Sheria ya Pensheni, mfano polisi kwenda magereza, au polisi kwenda wizarani, au ualimu wa serikali, mradi umepitia mlango unaotakiwa, umeomba kupitia kwa wakubwa wako, umeruhusiwa, na hakuna siku iliyokatika katikati. Hapo miezi inaungana. Ila shirika linalokata NSSF ni nyumba nyingine.

Na sababu yenyewe watu wengi hawaijui, wanafikiri ni roho mbaya ya makarani. NSSF ina kapu lenye jina lako, wewe unatoa asilimia 5, mwajiri anaweka 10, riba inaingia kila mwaka, kapu linakufuata popote. Pensheni ya serikali haina kapu. Wewe hujakatwa hata shilingi, serikali inalipa kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina siku ukistaafu. Kwa hiyo ukisema nihamishie miaka yangu 17 kwenda NSSF, hakuna hela mahali popote yenye jina lako ya kuhamisha. Kuna ahadi tu, na ahadi yenyewe ina masharti ya umri na miaka.

AskariKasese:

Mama Rehema asante sana, kwa kweli nimesoma mara tatu na nimemsomea mke wangu kwa sauti. Hiyo ya kofia imenigusa.

Lakini naomba niulize, hivi si ndiyo dhulma yenyewe hiyo? Mwenzangu tuliyemaliza naye shule alienda benki, akahama benki nyingine, akahama tena kampuni ya simu, namba yake ya NSSF ni ile ile na kila mahali alipopita kapu limeongezeka. Mimi niliyelala porini na bunduki nikinyeshewa, mimi ndiye siwezi kusogea.

MzeeTororo:

Mama Rehema nimekubali, nilisema nusu ya jambo. Afande nisamehe, ningekutia shimoni.

Niongeze moja tu. Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya zamani, akaanzia Nairobi akahamishiwa Tororo. Jumuiya ikavunjika 1977, na mkataba wa kugawana mali na madeni kati ya Kenya, Uganda na Tanzania ukaja kusainiwa 1984. Mtu amefanya kazi moja, lakini aliyekuwa anamlipa ameshagawanyika mara tatu, sasa miaka yake ni ya nani? Mzee alikuwa na kopo la biskuti, ndani kila karatasi, barua ya kuandikwa kazi, ya kuthibitishwa, kila uhamisho, hata risiti ya viatu vya kazi. Mama alikuwa anamwambia tupa haya makaratasi panya wanazaliana. Hakutupa. Siku ya kuhesabiwa miaka yake kila mwezi alikuwa na karatasi yake, kuna wenzake waliokuwa na maneno tu. Kwa hiyo afande tafuta kopo lako.

Busia254:

Niko upande wa Kenya hapa Busia, mimi ni mwalimu, siyo polisi, lakini kwetu hili jambo lilibadilika kwa wote wawili siku moja. Tangu Januari 2021 kuna mfuko mpya wa watumishi wa umma, walimu tumo, polisi wamo, wote waliokuwa chini ya miaka 45 tuliingizwa kwa lazima na waliopita 45 wakaachiwa wachague. Tulianza kukatwa asilimia 2, ikaenda 5, sasa ni 7.5, na serikali inaweka 15. Mwanzoni tulilia sana, payslip ilichanika, lakini sasa nina akaunti yangu naiona. Ile miaka ya kabla ya 2021 inabaki kuhesabiwa kwa utaratibu wa zamani.

Tanzania nao 2018 waliunganisha mifuko yao ya pensheni, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, ikawa mfuko mmoja wa PSSSF, maana zamani mtumishi akitoka halmashauri kwenda wizarani ilikuwa kama anahama nchi. Nafikiri Uganda mtafika huko huko. Ila msikubali bure, ulizeni mapema miaka ya nyuma itafanywaje.

Afande_Mstaafu:

Nimestaafu polisi nikiwa na miaka 31 ya utumishi kwa hiyo nina haki ya kusema. Naona wote mnamsukuma kijana kwenye upande mmoja. Jeshi linamchukua kijana hajui kitu, linamlisha, linamfundisha miezi mingi, linampa upelelezi, linampa kozi. Siku ameiva, shirika lenye mshahara mzuri linakuja kumchuma kama embe. Mkiruhusu kila askari abebe miaka yake aende anapotaka, kituo cha Kasese kitabaki na nani? Wananchi wa Kasese watapiga simu saa 8 usiku atakuja nani? Sheria haikuwekwa kwa ubaya, iliwekwa mtu akae. Kazi ya polisi siyo kazi ya kuonja.

MamaRehema:

Afande Mstaafu shikamoo, na nakuheshimu kwa miaka yako 31. Hoja yako ina uzito, na mimi nimeona vituo vinavyobaki na vijana watupu. Lakini tuangalie anayebanwa ni nani. Wa miaka 3 anaondoka kesho, hana cha kupoteza. Wa miaka 30 haendi popote, anasubiri tarehe. Anayebanwa ni huyu wa miaka 17, ndiye mwenye ujuzi, na anabaki akiwa ameshachoka moyoni, anahesabu miezi. Askari anayehesabu miezi anapeleleza kesi yako vipi?

Halafu jambo la mtu kuhama na miaka yake siyo geni wala siyo la wazungu peke yao. Sheria za pensheni za kikoloni hapa Afrika Mashariki zilikuwa na kipengele cha maafisa waliohamishwa kutoka serikali moja kwenda nyingine, miaka inajumlishwa na kila serikali inalipa sehemu yake. Waliweza kumfanyia hivyo karani aliyetoka koloni moja kwenda lingine, kwa nini sisi tushindwe kwa askari anayevuka barabara ndani ya Kasese? Uingereza mpaka leo mifuko ya watumishi wa umma ina makubaliano yao wanayaita klabu, mtu akihama kazi ana miezi 12 ya kuomba miaka yake imfuate. Kule New York wana mfuko wa polisi na zimamoto peke yake na wa wafanyakazi wengine peke yake, na mwanachama anaweza kuhamisha uanachama wake. Ninachotaka mimi ni kitu kidogo sana, miaka ijumlishwe ili kutimiza sharti, halafu kila upande ulipe miezi yake. Serikali ilipe miezi 213 ya polisi kwa mshahara wa polisi siku huyu mtoto akifika umri, basi. Haitoi zaidi ya alichokifanyia kazi. Kwa laki 5 miezi 213 ni kiinua mgongo cha 12,780,000 na 142,000 kwa mwezi. Ni jasho lake hilo, alishalitoa.

NyumbaNambari9:

Naomba niseme kama mke wa askari maana naona wanaume na mama wa ofisini tu. Hizi hesabu zenu ni nzuri ila hakuna aliyeweka nyumba. Sisi tunakaa unipoti ya kambini, ile ya bati ya duara, mchana ukigusa ukuta unaungua, watoto wanalala kichwa kwa miguu, pazia ndiyo chumba. Lakini hatulipi kodi. Siku mume anatoka polisi tunatoka na unipoti. Kasese mjini vyumba viwili vya maana siyo chini ya laki mbili na zaidi kwa jinsi ninavyosikia kwa shoga zangu, toa hiyo kwenye laki 9, toa nauli ya watoto ambao sasa wanatembea kwenda shule ya karibu na kambi, toa hiyo asilimia 5 ya NSSF ambayo ni 45,000. Dada yangu mke wa AskariKasese kaa naye chini mwandike kwa kalamu. Halafu biashara yako kama unauza chapati kambini wateja wako wote wako pale pale.

Sisemi asiende. Nasema laki 9 siyo laki 9.

AskariKasese:

Dada umesema kweli tupu. Mke wangu anauza chapati kambini, sijui umejuaje. Jana usiku tumekaa na daftari la hesabu la mtoto tukaandika, kweli tofauti inayobaki ni kama laki na nusu, siyo laki 4 niliyokuwa nayo kichwani.

Afande Mstaafu nimekusikia, na mimi silikimbii jeshi, jeshi limenilea. Ila nina miaka 41, magoti yameanza, na hizi kesi za ndovu nikizifanya huko nitazifanya vizuri zaidi kwa sababu wana gari na wana mafuta.

Mama Rehema naomba nikuulize la mwisho, hakuna njia ya katikati?

MamaRehema:

Ipo, na nilitaka kuisema nikaingiliwa na mambo ya nyumbani. Inaitwa kuazimwa. Kanuni za Kudumu za utumishi wa umma zinaruhusu mtumishi aazimwe kwa taasisi nyingine kwa muda, anabaki wa kule alikotoka, miezi yake ya pensheni inaendelea kuhesabika, na taasisi inayoazima inaweza kutakiwa kuchangia gharama ya pensheni yako. Sasa angalia, wao wanakupa mkataba wa miaka 3 na wewe umebakisha miaka 2 na miezi 3. Ukiazimwa miaka hiyo 3 unamaliza ukiwa na miaka 20 na miezi 9. Pale ndipo unaomba kustaafu mapema kwa njia halali, na ukitaka kubaki huko unabaki kama mfanyakazi wao na NSSF juu. Jua tu kwamba hesabu ya pensheni itabaki kwenye mshahara wako wa polisi, siyo kwenye ile laki 9.

Inahitaji pande tatu zikubali, wewe, polisi, na shirika. Polisi wakikataa, basi ushauri wangu ni ukae miaka 2 na miezi 3. Najua inauma, kazi kama hiyo inaweza isirudi. Lakini usiuze miezi 213 kwa tofauti ya laki na nusu.

Na ile NSSF yako ya ulinzi ipo, haipotei, namba ni ya maisha. Sheria inakuruhusu kuidai kwa sababu uliingia kazi ya pensheni iliyosamehewa NSSF, lakini kama unaelekea kurudi huko mimi ningeiacha. Mwaka wa fedha 2023/24 walitoa riba ya asilimia 11.5, uliofuata 13.5. Na tangu marekebisho ya 2022, mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua asilimia 20 ya akiba yake, hiyo miaka yako 2 ya mwanzo itakusaidia kuifikia 10.

Busia254:

Mama Rehema ungekuwa wilaya yangu ningekuletea mbuzi.

AskariKasese:

Sijui niseme nini jamani. Nilikuja hapa na barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko kwenye simu. Nimeifuta. Leo nimepiga simu kwa yule mtu wa shirika nikamuuliza habari ya kuazimwa, akasema si jambo geni kwao, niwaletee barua ya ruhusa na watanisubiri mpaka mwisho wa mwezi ujao. Na kopo nimepata, la maziwa ya unga, barua ya kuandikwa kazi ipo, ya kuthibitishwa kazini siioni, nafikiri ilibaki kwenye faili Masindi au kituo changu cha kwanza.

Sasa barua ya kuomba kuazimwa naiandika kwa nani? Naenda moja kwa moja makao makuu Naguru au?

MamaRehema:

Usiruke mtu. Unaiandika kwa mkuu wa polisi lakini inapita kwa OC wako, yaani mkuu wa kituo, kisha DPC, mkuu wa polisi wa wilaya, kisha mkoa, kila mmoja anaweka maoni yake. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe pale kituoni, hiyo ndiyo inaingia kwenye kopo. Na hiyo barua ya kuthibitishwa kazini anza kuitafuta wiki hii hii, usisubiri jibu la kuazimwa, maana bila hiyo hata ukifika miaka 20 faili litakwama. Andika kituo cha kwanza, taja namba yako ya jeshi na mwaka ulioingia. Wakichelewa nenda mwenyewe, ingia chumba cha masijala, ongea na karani vizuri, mbebee hata soda.